Usiuze ngamia ili ununue kazi

Najua nimekuwa kimya wiki nyingi, na wapo walioniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kuandika. La hasha. Nilikuwa nyumbani Hadado, ambako mtandao wa simu hupanda na kushuka kama homa, na nilipokuwa huko limetokea jambo lililonikosesha usingizi siku mbili. Nilitaka leo tuendelee na yale mambo ya hifadhidata niliyoahidi, lakini hifadhidata itangoja.

Kwa msiopajua, Hadado ni kituo kidogo katika Wajir Magharibi, Kaunti ya Wajir. Ukitoka mjini Wajir unashika njia ya magharibi, mchanga na migunga, na ngamia wengi kuliko magari. Nairobi wanasema mtu asiye na kazi "anatarmaki", yaani anakanyaga lami kutoka ofisi hii hadi ile. Sasa sisi wa Hadado tutakanyaga nini, na lami yenyewe hatuna?

Haya, kisa ni hiki. Jioni ya pili baada ya kufika, abti (ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita mjomba) aliniita nje tunywe chai. Ukiitwa na abti kunywa chai peke yenu, ujue kuna neno. Akaniambia kwamba kijana wake, binamu yangu, ambaye alihitimu chuo kikuu mwaka jana katika takwimu na hajapata kazi, sasa amepata "mtu". Huyo mtu hana ofisi, ana simu mbili. Anasema kuna nafasi katika ofisi moja ya umma, jina limeshawekwa akiba, kinachobaki ni laki mbili na nusu, na mwisho ni Ijumaa. Abti alikuwa amekwisha kuchagua ngamia wawili wa kuuza. Akaniuliza, "Wewe ndiye unayejua mambo ya kompyuta na ofisi. Unaonaje?"

Nikasema hapana. Tena nilisema kwa sauti, jambo ambalo kwetu si adabu kumfanyia mjomba wako, na sababu zangu zikatoka shaghalabaghala kama programu iliyoandikwa usiku wa manane. Abti akanisikiliza, akamimina chai, akasema, "Wewe unasema hivyo kwa sababu una kazi."

Jamani, hilo neno liliniingia. Kwa hiyo leo naandika yale niliyopaswa kumwambia kwa utaratibu, na nayaandika pia kwa ajili ya kila kijana mwenye shahada ndani ya bahasha ya plastiki ambaye baba yake anahesabu mifugo.

Nianze na mimi mwenyewe. Nilipomaliza shahada yangu ya sayansi ya kompyuta nilikaa miezi 14 bila kazi. Nilikuwa nalala kwa jamaa Eastleigh, kwenye godoro la sebuleni linaloviringishwa kila alfajiri kabla wageni hawajaja. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kompyuta, niliandika kila ombi kwenye jedwali la Excel: tarehe, kampuni, nafasi, jibu. Safu ya jibu ilibaki nyeupe kama chumvi. Nilituma maombi 163. Majibu yalikuwa mawili, na moja lilikuwa limeandikwa na mashine kunishukuru kwa kuvutiwa na kampuni yao.

Mwezi wa tisa niliacha kumpigia mama simu. Si kwamba sikuwa na salio, ila sikuwa na jibu la "vipi kuhusu ile kazi?" Nasema hili kwa sababu watu wakitoa ushauri wa kutafuta kazi hawalitaji. Wanakuambia jiamini, vaa vizuri, kaa wima. Hawakuambii kwamba ukosefu wa kazi unakufundisha kukwepa watu, na kukwepa watu ndiyo njia ya hakika ya kuendelea kukosa kazi. Wenzangu wawili wa wakati ule walihamia kwenye miraa na mazungumzo ya mchana kutwa. Siwahukumu. Kule angalau hakuna anayekuuliza kitu.

Ulipofika mwezi wa kumi nilifanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama jedwali lile lingekuwa la mteja. Niliacha kuongeza mistari nikaanza kuyasoma. Na nilichokiona kilinitia aibu. Yale maombi 163 hayakuwa maombi 163. Lilikuwa ombi moja lililotumwa mara 163! Wasifukazi ule ule, barua ile ile, jina la kampuni tu ndilo lililobadilika (na mara mbili nilisahau hata kulibadilisha). Mwandishi wa programu anayeendesha msimbo wenye kosa mara 163 bila kuugusa, akitumaini safari hii utafanya kazi, tungemwitaje? Lakini tukitafuta kazi tunaita hivyo bidii.

Pembeni kulikuwa na orodha nyingine ndogo ambayo sikuwa nimeihesabu kama maombi. Zilikuwa mara 11 ambapo nilizungumza na mtu aliyekuwa ameona kitu nilichotengeneza kwa mikono yangu: mhadhiri, mwenye duka niliyemrekebishia mashine, jamaa tuliyesoma naye. Katika hizo 11, mara nne niliitwa kwenye mahojiano. Sikupata kazi hata moja katika hizo nne, nisidanganye. Lakini nne katika 11 na mbili katika 163, hata asiyesoma takwimu anaona mlango uko upande gani.

Hapo najua mtu atasema: si ndiyo hiyo hiyo "kujuana"? Si ndiyo sababu abti anataka kuuza ngamia? Ngoja. Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wengi, hata na marafiki zangu. Tumezoea kusema Kenya kazi ni kwa kujuana, kisha tukalifanya neno hilo kuwa uchafu mtupu. Lakini kuna kujulikana wewe ni mtoto wa nani, na kuna kujulikana unaweza kufanya nini. La kwanza hununuliwa au hurithiwa. La pili hulijengi kwa kukaa Eastleigh ukituma viambatisho. Na mtu mwenye kazi ya kutoa, ukimtazama vizuri, ni mtu mwenye hofu. Anaogopa kumchukua mtu atakayemharibia. Karatasi haimwondolei hofu hiyo, kwa sababu kila mtu ana karatasi. Kinachomwondolea ni kuona kitu kinachofanya kazi na kuambiwa aliyekitengeneza ni huyu.

Basi nilirudi Hadado. Wengine walisema nimeshindwa, na mimi mwenyewe nilikuwa nafikiri hivyo.

Kulikuwa na kisima chenye pampu inayoendeshwa na jenereta. Wafugaji hulipa kwa kichwa cha mnyama, pesa zinanunua dizeli, na kamati ina karani mwenye daftari. Wakati wa kiangazi, mifugo inapofika kwa mamia usiku kucha, daftari lile lilikuwa chanzo cha ugomvi. Fulani anasema amelipa, karani anasema hajaona, na usiku ule mvua ya chai imemwagika juu ya ukurasa wenyewe. Nikamwambia karani nitamtengenezea kitu kwenye simu. Akacheka, lakini akakubali, maana nilikuwa sina kazi nyingine ya kumsumbua nayo.

Toleo la kwanza halikufaa kitu. Nililitengeneza kama niko Nairobi. Lilihitaji intaneti ili kuhifadhi, na saa nane za usiku kisimani hakuna intaneti. Toleo la pili lilihifadhi ndani ya simu lakini liliuliza jina la mwenye mifugo, na karani akaniambia kwa upole kwamba anayeleta mifugo si lazima awe mwenye mifugo, na kwamba ngamia halipiwi sawa na mbuzi. Mambo hayo niliyajua tangu nikiwa mtoto! Nimechunga mbuzi hapo hapo. Lakini nilipofungua kompyuta niliyasahau, nikawa mgeni. Toleo la tatu lilidumu. Liliandika idadi, aina ya mnyama, kiasi, na lita za dizeli zilizotumika siku hiyo, na kila Ijumaa nikalichapisha kwenye karatasi ikabandikwa ukutani. Sikulipwa hata senti. Nilikuwa najikimu kwa kuwafundisha vijana waliomaliza kidato cha nne matumizi ya kompyuta, shilingi 500 kwa mwezi, na wengi walilipa nusu.

Miezi kadhaa baadaye alikuja mhandisi wa shirika moja kukagua pampu. Akauliza kisima kinatumia dizeli kiasi gani, swali ambalo kwa kawaida hujibiwa kwa "nyingi sana". Karani akamwonyesha ukutani karatasi za wiki 20 na zaidi. Mhandisi akauliza, "Nani amefanya hii?" Nilikuwa nimekaa dukani mita 50 kutoka pale. Ule ndio usaili mfupi kuliko wote niliowahi kufanya, na ulizaa mkataba wa miezi mitatu, na mkataba ule ndio ulionifikisha kwenye kazi niliyo nayo sasa.

Je, ilikuwa bahati? Ndiyo. Mhandisi angeweza kuja siku nimeenda Wajir. Waswahili wa pwani husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na nimekuwa nikiupenda msemo huu ingawa Hadado upwa wa kugaagaa hatuna, mchanga tunao wa kutosha. Anayegaagaa hakuhakikishiwa samaki. Lakini samaki hawafuati mtu sebuleni.

Sasa tutoke kwangu tuangalie kwetu, maana vijana wetu wanaamini kwamba Wajir hakuna kazi za teknolojia, kazi ziko Nairobi. Nauliza: mnajua kwamba bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti ilifika Wajir kabla ya sehemu nyingi za dunia? Watafiti wa ILRI walianza Marsabit mwaka 2010, na mwaka 2013 ikaja Wajir kwa mtindo wa takaful, unaokubaliana na sharia. Machi 2014 wafugaji wa Wajir wakalipwa fidia zao za kwanza. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake wa bima ya mifugo ikianzia Turkana na Wajir. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, kompyuta hulinganisha na miaka iliyopita, ukijani ukishuka chini ya kiwango fulani mfugaji analipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Hii ni programu, ndugu zangu. Ni hesabu ya takwimu tupu! Na lazima kulikuwa na kazi ya kuwaeleza watu kwa Kisomali, ya kuwasajili, ya kusahihisha majina, ya kujibu kwa nini wa bonde hili amelipwa na wa bonde lile hakulipwa.

Au chukua mpango wa fedha za kujikimu, ule wa HSNP, ambao tangu 2009 umekuwa ukilipa kaya katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Au Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, ambayo hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame: bei ya mbuzi, bei ya mahindi, umbali wa kwenda majini. Takwimu hizo hazishuki kutoka mbinguni. Kuna mtu anayeuliza, anayeandika, anayejumlisha. Halafu kuna barabara ya Isiolo hadi Mandera, karibu kilomita 740, ambayo Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake mwaka 2020, na mradi wenyewe una kebo ya faiba pembeni. Kila mradi wa namna hii una wakandarasi, na wakandarasi wana ofisi, na ofisi zina karatasi zilizowashinda.

Ninachopinga ni ile tabia ya kungoja tangazo. Tangazo likishatoka gazetini limesomwa na watu elfu kadhaa na binamu zao. Kazi nyingi huanza kama maumivu ya mtu fulani miezi mingi kabla ya kuwa tangazo. Nenda kwenye maumivu. Nenda uulize, "Ni kitu gani hapa kinawachosha kila wiki?" kisha unyamaze usikilize. Utafukuzwa mara kadhaa. Mimi nimefukuzwa na mlinzi ambaye nilisoma naye darasa la nne.

Kuhusu makaratasi nitapita haraka, ila usiyadharau. Kwetu kitambulisho peke yake kimewahi kuwa ukuta. Kwa miaka mingi kijana wa kaunti za mpakani alipaswa kupita mbele ya kamati ya kuhojiwa zaidi ya vijana wengine, na mimi mwenyewe nilingoja miezi 11. Februari 2025 Rais Ruto alitia saini huko huko Wajir tamko la kuondoa uhojiwaji huo wa ziada. Kwa hiyo kama mdogo wako amefikisha miaka 18, asingoje mpaka siku ya usaili. Pia jueni kwamba sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asidai vyeti vya HELB, polisi, EACC na kadhalika kabla hajaamua kukuchukua. Bado nawaona vijana saiba wakilipia vyeti vyote kwa pesa ya kukopa ili tu watume maombi. Msifanye hivyo. Piga picha vyeti vyako vya shule, jitumie kwa barua pepe, basi.

Kuna sheria nyingine ambayo nashangaa hatuitumii. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi katika kila kaunti ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Soma tena. Sisi tunagombania nafasi za Wajir kwa koo, tukihesabu ukoo gani umepata wangapi, na huku kuna kaunti nyingine 46, nyingi kati yake zikiwa hazina Wasomali wengi wa kuomba kazi. Nilipomwambia binamu yangu aombe Makueni, Kisumu, Nyeri, alinitazama akauliza, "Watanichukua, na jina langu hili?"

Sikumjibu upesi. Aliuliza swali la kweli. Nilikuwa kijana Aprili 2014 wakati wa ule msako wa Eastleigh, maelfu wakakamatwa na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani, na mwaka uliofuata baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, kutafuta chumba cha kupanga ukiwa na jina la Kisomali kulikuwa kama kuomba kukopeshwa. Wapo watakaosoma jina lako na kuweka bahasha pembeni. Sitamdanganya binamu yangu kwamba hawapo. Lakini akijinyima mwenyewe kabla wao hawajamnyima, anawafanyia kazi yao bure. Na bodi ya kaunti ambayo haijafikisha asilimia 30 yake ina shida ya kuandika ripoti yake, na ombi la mtu kama yeye linaweza kuwa dawa ya shida hiyo. Hayo ni maumivu pia. Nenda kwenye maumivu, kama nilivyosema.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kazi za mtandaoni. Mimi si mpinzani wake. Mteja akiwa Ulaya na wewe uko Hadado, hajali kama una lami. Malipo nayo si kizingiti kama zamani, tangu 2018 PayPal inaingia M-Pesa. Lakini tenganisha ujuzi na kubofya. Machi 2024 jukwaa la Remotasks lilifungia Kenya, na vijana waliokuwa wakiweka alama kwenye picha siku nzima waliamka wakakuta mlango umefungwa. Kama miaka yako miwili imekuwa ya kubofya tu, mlango ukifungwa unabaki na kidole. Kama umejifunza kuandika programu, kutafsiri, kusafisha takwimu, kutunza vitabu vya hesabu, ujuzi unahama na wewe. Na anayekutoza pesa ili akupe kazi, awe wa mtandaoni au wa simu mbili, si mwajiri.

Ambalo linanirudisha kwa ngamia.

Wakati wa ukame ule mkubwa, mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, ng'ombe wa abti walikwisha. Wote. Nakumbuka harufu ya barabara. Ngamia ndio waliobaki, na maziwa yao ndiyo yaliyokuwa yakinywewa na watoto nyumba mbili, ya abti na yetu. Sasa mtu asiye na ofisi anataka wawili kati ya hao, tena majike, kwa ahadi isiyo na karatasi. Ahadi ikivunjika abti hana pa kushtaki, kwa sababu Sheria ya Hongo ya 2016 haimwadhibu mpokeaji peke yake. Anayetoa naye anaweza kufungwa hadi miaka kumi. Na tuseme hata ifanikiwe. Binamu yangu ataingia kazini akiwa na deni la ngamia wawili shingoni, bosi anajua alivyoingia, na siku akiambiwa atie saini karatasi asiyoielewa, atakataa kwa mdomo upi?

Hayo ndiyo niliyomwambia abti jioni iliyofuata, pole pole safari hii, na nilianza kwa kumwomba radhi kwa sauti ya jana. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho kimebaki nami: "Nimeuza mbuzi miaka minne kumsomesha. Kila aliponiambia bado kidogo, niliuza. Sasa na wewe unaniambia bado kidogo." Sikuwa na jibu, na hapa pia sina. Ni kweli namwomba subira mtu aliyekwisha kutoa subira yake yote. Tofauti pekee niliyoweza kumwonyesha ni kwamba safari hii hauzi kitu.

Tukakubaliana miezi mitatu. Ijumaa ilipita, na yule mtu wa simu mbili, ambaye nafasi yake ilikuwa inakwisha Ijumaa, alipiga Jumamosi kusema wameongeza muda.

Binamu yangu sasa ana mpango ambao si wangu, na ndiyo sababu nina imani nao. Nilimshauri ajifunze Python, akanisikiliza kwa heshima. Kisha akasema yeye anajua mbuzi. Anajua kwa nini bei ya soko la mifugo la Wajir hushuka wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, kila mzazi anapouza kwa pamoja, na anajua wafugaji wa huku Hadado hufika sokoni bila kujua bei ya jana. Ataandika bei kila siku ya soko, mbuzi, kondoo, ng'ombe, ngamia, kwa umri na afya, na kila wiki atabandika ukurasa mmoja Hadado na kuuacha mwingine katika ofisi tano za Wajir tulizoziorodhesha, wakitaka wasitake. Baada ya wiki 12 atakuwa na takwimu alizozikusanya mwenyewe na jina lake chini ya kila ukurasa. Wakati huo huo ataomba kazi katika kaunti nne, kila ombi na barua yake. Nitazisoma kabla hajazituma, nihakikishe amebadilisha jina la kaunti.

Jumatatu alipanda lori la mbuzi kwenda Wajir. Nimempa laptopu yangu ya zamani, ambayo betri yake hudumu dakika 40 na kitufe cha herufi "n" kimeng'oka, kwa hiyo akiwaandikia mtu msishangae. Ukurasa wa kwanza alinitumia jana usiku kwa simu. Bei ya ngamia jike ameiandika juu kabisa na kuipigia mstari, nadhani kwa ajili ya baba yake.